Swali la Nyayo Zangu na Washenga wa Ditiro

Moshupa,
Botswana.
Jumapili, 19 Oktoba 2014.

Mpendwa mwanangu Lentswe,

Hebu niambie, njia ya kutoka Durban kuja kwetu imeota miba? Krismasi zinakuja na kupita, mbuzi uliyeniachia akiwa mtoto sasa ana wajukuu, na wewe huonekani. Watu wakiniuliza nasema yuko kazini, yuko kazini, mpaka neno lenyewe limenichachia mdomoni. Hata mfungwa huwa anarudi kwao.

Haya, nimeshakugombeza, sasa nakusalimu, maana wewe ni wangu. U hali gani? Kile kifua chako cha baridi kimepona? Unakula nini huko? Usinidanganye kwamba unajipikia, uji wako naujua. Mkeo Zanele hajambo? Na watoto, wanaongea lugha yetu au umewaacha wawe Wazulu moja kwa moja? Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma kila asubuhi, nalitukana, linatembea. Mvua haijanyesha. Mbegu za mtama zimekaa kwenye gunia zinatutazama.

Anayeandika ni Mama Seitiso, jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie maneno. Ameniuliza kama kweli aandike habari za nyayo zangu. Nimemwambia aandike, wewe ulitoka tumboni mwangu, nyayo ni nini.

Basi sikiliza. Marehemu baba yako hakuwa mtu wa maneno. Lakini jioni nikinyoosha miguu mkekani alikuwa akipita ananitekenya nyayo, kama mtu aliyepita tu na shughuli zake, nami nacheka mpaka namrushia mwiko. Tangu tumzike sijacheka kicheko kile. Siku moja nikajaribu mwenyewe. Nilijaribu kwa kidole, nikajaribu kwa unyoya wa kuku, nikajaribu kwa jani la mtama. Wapi. Ni kama kukuna ukuta. Nikajiuliza, nyayo ni zile zile, kidole ni kidole, sasa kicheko kimekwenda wapi?

Kuna kipindi redioni Jumamosi asubuhi, watu wanapiga simu kuuliza mambo madogo madogo yanayowasumbua. Mbona kitunguu kinaliza. Mbona ukikaa sana majini vidole vinakunjamana. Mbona mmoja akipiga miayo kanisani, benchi zima linafuata. Nilikuwa nakipenda sana, nakisikiliza huku napepeta. Anayejibu ni kijana mmoja anaitwa Ditiro, ana sauti laini kama mafuta ya kupaka. Nikaona huyu ndiye wa kumuuliza. Nikamwomba Gaone anipigie simu. Gaone ni yule mpwa wako, kama umemsahau, yule binti ambaye dada yako aliniachia mgongoni alipofariki.

Nikauliza kwa heshima zote: "Mwanangu, mbona nikijitekenya sicheki?"

Unajua alinijibu nini? Alisema, "Bibi, maswali ya watoto yana siku yake. Na kwa umri huo, nani tena atakutekenya?" Halafu wakacheka, yeye na wenzake wote mle ndani, mimi nimeshika simu sikioni kama mjinga.

Lentswe, yangeishia pale ningeyameza. Lakini walikuwa wameninasa sauti. Jumamosi iliyofuata kipindi kinaanza, nasikia sauti yangu mwenyewe inauliza mbona nikijitekenya sicheki, kisha vicheko, kisha ngoma. Na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nikawa mimi ndiye mlango wa kuingilia kipindi chao. Watoto bombani wakiniona na ndoo wanajitekenya makwapa. Mchungaji alinipa mkono baada ya ibada, nikaona midomo yake inahangaika. Watu walicheka swali. Hawakujua kwamba ndani ya lile swali yumo baba yako.

Usiku nikipiga magoti nilikuwa namwambia Mungu, huyu kijana usimpige wewe, nipe mimi. Wewe niletee tu, mengine nitayafanya mwenyewe.

Naye akamleta.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, sauti yangu ndiyo kwanza imetoka kwenye redio ya jirani, nikaona watu langoni. Wanaume wamevaa makoti, wanawake wana mablanketi mabegani. Mara moja nikajua ni washenga. Mkubwa wao, mzee mmoja anaitwa Mokwadi, akavua kofia, akasema wamekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba mke. Nikamuuliza kibuyu hicho anakitaka nani. Akasema ni mtoto wa mdogo wake, Ditiro, yule wa redioni. Alilitamka hilo neno redioni kama mtu anayenilambisha asali.

Nikageuka kumtafuta Gaone. Yuko nyuma ya nyumba anasugua sufuria alizokwisha kuzisugua. Ndipo akaniambia. Kumbe alimpigia yule kijana simu kunitetea. Wiki ya kwanza alimtukana. Wiki ya pili alimtukana kidogo. Ya tatu sijui walikuwa wanaongea nini.

Sikufungua lango. Unalijua jua la Oktoba, na unajua mshenga havui koti. Nikakaa kwenye kivuli cha jiko nikanywa chai yangu polepole, Mama Seitiso akaniongeza kikombe kingine, nikakinywa nacho. Wale watu walilowa jasho kama waliovuka mto. Niliwatazama, mwanangu, na nakwambia kweli, chai haijawahi kuwa tamu vile tangu nizaliwe.

Nilipomaliza nikaenda nikawaambia, mjomba wa binti hayupo, na hapa hakitaongelewa kibuyu wala kata bila mjomba. Nani angenilaumu? Ndiyo desturi. Niliona nimewapiga papo hapo.

Yule Mokwadi akajifuta jasho, akaniangalia, akasema, "Mjomba yupi, mama? Yule mliyempoteza?"

Wanawake wake wakacheka ndani ya mablanketi.

Nimezika mume. Nimezika binti. Lakini sijawahi kukosa la kusema nimesimama kwenye lango langu mwenyewe, mpaka siku ile. Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Mama Seitiso anataka kuandika kwamba nililia. Sikulia.

Sasa sikia ujinga wa kijana. Siku chache baadaye Ditiro akaja mwenyewe. Peke yake, bila mshenga wala mzee. Ana paketi ya sukari na majani ya chai, kavuka lango, kaja mpaka katikati ya uwanja kuniomba msamaha. Redio imempeleka mbali, hata hajui kwamba muoaji hakanyagi uwanja wa watu kabla wazee hawajamaliza maneno yao. Alisema sauti yangu wameiondoa. Alitaka kuiondoa tangu mwanzo, wakubwa wake wakakataa kwa kuwa watu wanaipenda. Nikamwambia karibu baba, kaa. Nikampa kile kigoda cha kukamulia mbuzi, magoti yakamfika masikioni. Nikawaita wanawake wa majirani wote.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Bibi?"

"Viatu na soksi. Halafu ujitekenye."

Akadhani natania. Akatutazama, akaona hatutanii, akavua. Ana nyayo laini, hazijawahi kukutana na mchanga wa moto. Akaanza, kidole kimoja, kama mtu anayegusa chungu kujua kama kimepoa.

"Cheka."

"Haichekeshi, bibi."

"Mbona redioni ilichekesha?"

Wanawake walikufa kwa kicheko. Mama Seitiso alishika nguzo ya jiko asianguke. Hapa anasema hakucheka, lakini mimi nilikuwepo. Gaone akaingia ndani akafunga mlango, mimi nikamwambia kijana aendelee na mguu wa pili.

Akaendelea. Halafu akaacha, akaweka mikono magotini, akasema taratibu, si kwa ile sauti ya redioni, "Bibi, swali lako lilikuwa zuri. Mwili unajua mkono wako unakokwenda kabla haujafika, kwa hiyo haushtuki. Kicheko kile lazima kitoke kwa mkono wa mtu mwingine. Hapo hakuna dawa."

Nikajifanya natazama kuku. Mkono wa mtu mwingine. Basi kumbe miaka yote ile baba yako akipita mkekani sikuwa najua anakuja, ingawa kila jioni nilijua anakuja.

Jibu lilikuwa zuri, Lentswe. Sikumwambia. Nilimwambia avae viatu vyake aende akawaambie wazee wake kwamba wana faini ya mbuzi, kwa kijana aliyekanyaga uwanja wangu kabla ya wakati. Sukari niliichukua. Mbuzi ameletwa, dume jekundu lenye kelele. Nimelifunga upande wa barabarani, maana akina Mokwadi wakienda dukani lazima wapite hapa, nataka wasalimiane nalo.

Nilidhani sasa nitalala. Lakini Gaone hali. Anachota maji, anapika, ananipakulia, yeye anakaa na sahani mapajani anatazama ukuta. Nilipomgombeza akaniambia, "Bibi, yeye umeshamlipa. Mimi unanilipiza nini?"

Amesema akisubiri mpaka mwaka mpya na mjomba wake hajaja kuketi na wale wazee, atafunga mzigo wake aende akakae na Ditiro huko mjini kwenye chumba chake cha kupanga. Hakuna mahari, hakuna blanketi la kuwekewa mabegani na wanawake. Atoke tu, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Na atakwenda kweli, ni damu yangu ile. Dada yako alitoka hivyo hivyo, na aliporudi nilimpokea akiwa mgonjwa na mtoto mkononi, hakuna hata mtu mmoja upande ule niliyeweza kumwendea nikamwambia mlichukua binti yangu, njooni muone. Sitaki tena. Huyu nataka atoke langoni mchana, kila mtu anaona, watu wakipiga vigelegele na ng'ombe wakiingia wakati yeye anatoka.

Kwa hiyo mambo ndiyo haya. Washenga niliwafungia lango kwa jina lako, na sasa jina lako ndilo limenifungia mimi. Wewe ndiye mjomba pekee aliyebaki. Nikikaa na wale watu bila wewe, Mokwadi atakuwa amesema kweli, na nitamsikia akisema kweli mpaka naingia kaburini.

Kijana nimemsamehe. Hapana, Mama Seitiso, usiandike hivyo. Andika kwamba kijana nimemlipa, na kinachobaki nitakuwa namkata kidogo kidogo akiwa mkwe, maana mkwe haendi popote. Lakini Mokwadi bado sijamgusa hata ukucha.

Paa la nyumba ya nyuma limeng'oka bati moja kwa upepo, ukija uje na misumari. Shangazi yako Kedibonye anakusalimu, macho yamepungua lakini mdomo uko vile vile. Mama Seitiso anakusalimu. Gaone hajui naandika, nakusalimu kwa niaba yake, nawe utamsalimu kama mtu aliyekuwa anamkumbuka. Msalimie Zanele, umwambie blanketi lake la mke wa ukoo wetu lipo, aje achukue. Wabusu Lwazi na mdogo wake. Mungu aliyekuotesha meno akushikilie huko juu kwenye kreni yako ya bandarini, upepo wa bahari ukupite pembeni, na mkono wako usikose kazi wala chakula.

Njoo kabla ya Krismasi. Shuka kwenye basi usiku, pita njia ya nyuma kwa Mama Seitiso, mtu asikuone. Koti la baba yako nimeshalitoa sandukuni, litakutosha. Nitawatumia washenga habari waje, na wakifika usitoke. Kaa chumbani kwangu, kunywa chai. Mwache Mokwadi asimame langoni aniulize mbele ya watu wake wote kama mjomba amepatikana. Mimi nitanyamaza. Atauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, namjua. Hapo ndipo ufungue mlango.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata nikikutukana,
Mmamosadi