Tagi Katika Pindo la Shuka la Dada

Alhamisi jioni. Mvua inanyesha tangu mchana, ziwa halionekani kabisa, na mimi nimejificha jikoni kwa sababu ndiko peke yake ambako hakuna wa kuniuliza nina nini.

Nina mengi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, aijue kwanza tabia yangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Mama anasema siku niliyozaliwa nilimtazama mkunga kwa jicho la pembeni, kama mtu anayedhani amebadilishiwa mama. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi, najiuliza anataka nini. Akinisalimia kwa baridi, najiuliza amesikia nini. Kwa hiyo Dada Alice alipomleta Faustin nyumbani, niliamua palepale kwamba kuna kitu. Hakuna kijana mpole kiasi kile. Anavua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Anakataa sahani ya pili. Akimaliza kula anataka kuosha vyombo. Nikasema moyoni, ngoja, tutaona.

Faustin hana mama wala baba. Amekulia Goma kwa watu, akavuka mpaka kuja huku kwetu, na sasa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa pale ufukweni. Anafua na kupiga pasi. Harusi yao na Dada ni keshokutwa, Jumamosi.

Mimi niko shule ya ufundi, nasomea elektroniki. Muhula huu tunajifunza RFID, ile teknolojia iliyo ndani ya kadi unayogusisha kwenye mashine ukipanda basi Kigali. Ndani ya kadi kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa, basi. Betri hakuna. Inalala tu. Mashine ikiipelekea mawimbi yake, inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Ziko za kufungwa kwenye sikio la ng'ombe, za kubandikwa kwenye vitabu vya maktaba, na ziko za kushonewa kwenye nguo na mashuka ya hoteli, ambazo hazijali maji ya moto wala pasi na zinasomeka hata ukiwa umesimama mbali kidogo. Zote tunaziita tagi. Mwalimu Gaspard anapenda kutuambia, "Tagi inajua jibu moja tu, jina lake. Ukipata jibu la swali jingine, ujue umejijibu mwenyewe." Huwa tunacheka.

Jumamosi iliyopita Mwalimu alinikabidhi mashine ya kusomea, ile ya kushika mkononi, nijizoeze nyumbani. Ikageuka mchezo. Dada anaficha tagi ya shule, mimi naitafuta. Aliificha kwenye unga, nikaipata. Ndani ya kiatu cha Mama, nikaipata. Chini ya kuku anayeatamia, nikaipata, na kuku akanidonoa. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu tukaingia chumbani, na mashine ikalia mbele ya valizi.

"Umeificha humu!" nikamwambia. Dada akasema hapana, ameiweka chini ya godoro. Nikatazama namba kwenye kioo cha mashine. Namba za shule nazijua, zote zinaanza sawa. Hii haikuwa ya shule.

Valizi yenyewe, sanduku la nguo, ilitoka kwa Faustin. Huku kwetu bwana harusi anamtumia bibi harusi valizi ya nguo na viatu na mafuta, na wanawake wa ukoo wanaifungua pamoja, wanatoa kitu kimoja kimoja, na kila kitu kinasemwa. Valizi nyepesi itasemwa mpaka wajukuu waoe. Hii ilifunguliwa mbele ya Tantine Furaha, mdogo wake Mama, aliyevuka kutoka Goma na mdomo wake wote. Alikuwa amekwisha kuukunja kwa uchache wa vitu. Kisha yakatoka mashuka. Mawili, makubwa, meupe, mazito, laini kama siagi. Vigelegele vikapigwa. Tantine akasema, "Huyu mutoto iko na moyo, kweli!" Tangu hapo Dada analala ameyakumbatia, na Mama amemkataza kabisa kumtajia Faustin habari za valizi mpaka harusi ipite. Alisema ni mwiko.

Nilisubiri Dada aende kuchota maji. Nikapapasa pindo la shuka la juu. Ndani yake kulikuwa na kitu kilichonyooka, kama kipande cha plastiki, kirefu kama kidole, kimeshonewa vizuri.

Shuka la hoteli.

Sasa niambieni. Mtu anafua mashuka ya hoteli, na kwenye valizi yake yamo mashuka ya hoteli. Mtoto wa chekechea angejumlisha. Na hapa niandike ukweli, maana hapa ndipo ninapouandikia: nilifurahi. Kabla sijamhurumia dada yangu, kabla sijaogopa, nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimesema tangu mwanzo.

Hofu ilikuja baadaye, usiku ule, nikimsikiliza Dada akipumua upande wa pili wa chumba. Nikisema, harusi hakuna. Nisiposema, anaolewa na mwizi. Asubuhi Dada alipotoka, nilifumua pindo kwa wembe, nikaitoa tagi, nikalikunja shuka kama lilivyokuwa. Sikumwambia mtu.

Wiki nzima nimempeleleza yule kaka wa watu. Jumatatu alikuja kutusaidia kusimamisha turubai, nikamuuliza kama mtu asiye na neno, mashuka ya hoteli yakizeeka yanaenda wapi? Akasema, "Shemeji, mi sijue. Bakubwa njo banajua." Yaani waulizwe wakubwa. Nikaona amejibu haraka mno. Jumanne nikamuuliza tena, akafikiri kidogo kabla ya kujibu. Nikaona amefikiri mno.

Leo Mwalimu Gaspard ametupeleka kuiona RFID ikifanya kazi yake mahali pa kazi. Mahali penyewe ni hotelini kwa kina Faustin. Nikaitia ile tagi kwenye mfuko wa sweta, ili nikifika niilinganishe na za kwao kwa macho yangu. Nilijiona mpelelezi hasa.

Madame Odette, mkuu wa chumba cha kufulia, alitupokea na miwani yake ya kuning'inia kwenye kamba. Alituonyesha kazi, na nakiri ilikuwa nzuri. Zamani, akasema, mashuka machafu yalikuwa yanamwagwa chini yahesabiwe moja moja, na watu wakagombana. Sasa kigari kinasukumwa tu mlangoni, na kwenye mbao mbili za mlango kuna antena bapa nyeupe. Kigari kikipita, skrini inajaza yenyewe: mashuka haya, taulo hizi. Wenzangu walipiga makofi. Faustin alikuwa kule nyuma kwenye pasi, ametota jasho. Akanipungia mkono. Sikumpungia.

Kisha Madame akasema tupite ndani tuone stoo. Wenzangu wakapita. Nami nikapita.

Mlango ukalia.

Mana yangu, Mungu wangu! Mimi, niliyesimama darasani kuwaeleza wenzangu kwa mdomo huu kwamba tagi ya nguo inasomeka hata ikiwa mfukoni, nimeibeba tagi ya hoteli mfukoni nikaipitisha katikati ya antena za hoteli. Kuna ujinga usio na dawa, walahi.

Skrini ikaandika: shuka kubwa, jeupe, halijarudi kutoka chumbani. Madame Odette hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja tu, nami nikaiweka tagi juu yake.

"Shuka yake iko wapi?" akaniuliza.

Mwalimu Gaspard ananitazama. Darasa zima linanitazama. Mtu akikutwa na mali ya watu kwenye ziara ya shule, shule imekwisha, hilo kila mmoja pale alilijua. Nilikuwa na neno moja la kuniokoa, nalo lilikuwa jina la Faustin. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Akasema yeye mwenyewe kwanza, kutoka kule kwenye pasi.

"Madame, ni mi nilimupatia. Niliiokota chini, kwa mashine ya kukausha. Nikamupatia ajifunze nayo."

"Na shuka?"

Akashika kamba za aproni. Akaulizwa mara ya pili, akatazama chini. Madame akamwambia avue aproni, aende nyumbani, na patron, mkubwa wa hoteli, ataamua kesho akifika. Faustin aliikunja ile aproni vizuri, akaiweka kwenye meza ya pasi, akatoka.

Nilimkimbilia nje, mvua ndiyo inaanza. Nilitaka kumwambia, najua. Badala yake nikamuuliza kwa nini amesema vile.

"Shemeji, we uko mutoto ya masomo," akasema. "Mi nitapata kazi ingine. We bakikufukuza, utasoma wapi?" Akavuta kofia ya koti. "Ile kitu uliitoa wapi, sitakuuliza. Ni yako na Mungu. Ila usirudilie."

Akaenda zake kwa miguu, na mamoto yote, pikipiki za abiria, yakimpigia honi apande.

Na mimi, hata hapo! Hata hapo nilisema moyoni: mjanja huyu. Amenifunika ili ajifunike. Nimepanda mlima wote kurudi nyumbani nikilitafuna hilo, nimelowa chepechepe, na nikaona linaingia akilini vizuri sana.

Mama alikuwa amerudi kutoka Petite Barrière, kule mpakani, anaosha beseni analovushia maparachichi. Dada alikuwa ameenda kusuka. Nikaona ndiyo nafasi. Nikammwagia yote kwa mkupuo mmoja: shuka, tagi, mlango, Faustin kusimamishwa kazi, Faustin mwizi, Jumamosi isiwepo.

Mama aliliacha beseni. Akakaa kwenye kigoda.

"Faustin hajue ile mashuka," akasema. "Ni mi niliweka."

Nikamwambia sijamsikia.

"Ni mi, mutoto wangu. Ni mi."

Rafiki yake Faustin alipoileta valizi, Mama aliifungua kwanza peke yake. Ndani kulikuwa na vitenge viwili, viatu, na chupa ya losheni. Kijana hana mama, hana shangazi wa kumwambia valizi inajazwaje. Mama akauona uso wa Tantine Furaha hata kabla haujavuka mpaka. Akaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza chagua, nguo za mitumba, akachagua mashuka mawili mazuri kuliko yote, akayafua, akayapiga pasi, akayaweka ndani. Ule mwiko wa kutomtajia Faustin aliutunga mwenyewe hapohapo.

"Batu bangemucheka," akasema. "Mutoto ya batu, haiko na mutu. Mi ningefanya nini? Mi najua tagi? Mi niliona shuka."

Nilisimama natiririsha maji kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki, na hakunigombeza.

Nani aliyeyatoa mashuka hotelini, sijui. Labda mgeni, labda mwingine. Nimeshaanza kumshuku yule mama wa chagua, mnaona nilivyo. Lakini jambo linaloniuma siyo hilo. Jambo ni kwamba leo, pale mlangoni, Faustin hakujua lolote kuhusu mashuka yale. Aliona tu tagi ya kazini kwake imetoka mfukoni mwangu. Alidhani mimi ndiye mwizi.

Alidhani mimi ndiye mwizi, akanisimamia.

Nimemwambia Mama njia ni moja, kwenda kumwambia Madame Odette ukweli, shuka lilinunuliwa sokoni na halikununuliwa na Faustin. Mama akasema tukifungua mdomo pale hotelini, kabla ya Jumamosi Tantine Furaha atakuwa amejua valizi ilijazwa na nani, na Goma yote itakuwa inacheka. Nikasema ndiyo, itacheka. Mvua inapiga mabati. Kisha Mama akainuka, akaenda chumbani, akayatoa mashuka yote mawili, akayakunja, akayatia kwenye kikapu chake cha mpakani.

"Kesho tunaenda, mi na we," akasema. "Na yule mama ya chagua tunapita kumubeba. Atakataa, nitamubeba mugongoni."

Ndipo Dada akaingia, nywele nusu zimesukwa, kitambaa kichwani, akauliza mashuka yake yanafanya nini kwenye kikapu. Mama akamwonyesha kigoda, akamwambia, "Alice, ikala chini." Bado wako huko ndani. Wanaongea polepole, sisikii kinachosemwa, na kwa mara ya kwanza maishani sijaweka sikio mlangoni.

Kesho asubuhi, kabla ya sokoni na kabla ya hoteli, nitapita kwa Faustin. Nitamwambia shuka lilitoka wapi. Hilo jepesi, hilo hata Mama anaweza kulisema. Limebaki lile jingine: kwamba jina lake lilikuwa mdomoni mwangu, na angechelewa kidogo tu kusema, ningelitamka mbele ya wote. Hilo naweza kukaa nalo mpaka nizeeke, maana hakuna mlango utakaolia nikipita nalo.

Nitamwambia. Halafu nitasimama pale nisikie kama bado ataniita shemeji.