Sahihi ya Daktari Aliyeondoka

Greyville, Durban
14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Bernadette, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mumeamkaje huko Uvira? Mguu wako umepona? Watoto wanasoma? Mimi mwili ni mzima, ila moyo ni mgonjwa, ndiyo maana nimekaa miezi miwili bila kukuandikia.

Unakumbuka nilivyofaulu mitihani ya huku nikapewa kibali cha kuandika dawa, mimi muuguzi, nawe ukapika pilau ukaita majirani. Kibali kile kina sharti: lazima awepo daktari aliyeweka sahihi kwamba tunashirikiana na kwamba ananisimamia. Daktari pekee wa kliniki yetu, Dokta Perumal, alihamia Australia mwezi wa sita. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kuandika hata kidonge kimoja cha presha, wakati presha nimeitibu miaka minne.

Nilizunguka kutafuta daktari mwingine. Wa kwanza alisema hana nafasi. Wa pili aliuliza, mgonjwa wangu akifa, nani atapelekwa mahakamani? Wa tatu hakuinua hata macho.

Ndipo akaja Nduwimana, Mrundi anayelinda malori kule Clairwood, mume wa Estella ambaye naimba naye kwaya. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimeisha. Nilimpima, nikaogopa. Dawa yake naijua, kipimo chake nakijua.

"Andika tu, mama," akaniambia. "Nani ataona?"

"Nikiandika watanifutia kibali, na hawa wengine wote nitawatibu na nini? Enda kliniki ya serikali leo hii, dawa iko."

Akaenda. Getini akakuta watu waliojipa kazi ya kuzuia wageni, wakamdai kitambulisho cha hapa. Akarudi kazini mikono mitupu. Hakunipigia simu, nadhani aliona haya kuniomba mara ya pili. Siku ya tatu alianguka katikati ya malori.

Hakufa, Yaya. Lakini upande wa kulia umelala, na maneno hayatoki. Estella alinifuata nje ya kanisa.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwako, Constance."

Kazini wananisifu kwamba nilishika sheria. Mimi chakula hakipiti.

Wiki iliyopita daktari mmoja wa Chatsworth, mama mtu mzima, alikubali kuweka sahihi. Aliponirudishia karatasi nililia, naye akanipigapiga bega akidhani ni furaha.

Sasa nikitoka kazini napitia kwa Estella. Ananifungulia mlango. Tunamgeuza mume wake pamoja, asipate vidonda mgongoni. Dawa ya kwanza niliyoandika ilikuwa yake, vidonge vile vile. Nilivisaga mwenyewe kwa mgongo wa kijiko, maana hawezi tena kumeza kitu kizima.

Tafadhali mama asiyajue haya, mwambie tu kazi ni nyingi. Nisalimie shemeji Ruphin, na mtoto wetu Lyse, na Pascal akipita hapo nyumbani. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mnitaje mnapopiga magoti, kwa sababu mimi mwenyewe siku hizi nikianza kuomba nakosa la kusema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Constance