Mfuniko wa Tangi

"Umeniulia injini yangu wewe." Baba anafoka, mama anamwambia majirani wanasikia, mimi nimesimama katikati ya sebule 😂

Kisa? Jana mimi na baba tulijaza mafuta. Leo asubuhi nawasha gari nimpeleke dada kazini, taa ya injini ikawaka. Basi kosa langu. Akaninyang'anya ufunguo, eti sigusi tena gari lake mpaka nioe.

Mpaka nioe, kaka.

Nikampigia fundi, nikaweka spika. Akauliza kitu kimoja tu: "Mfuniko wa tangi mmeukaza?"

Dada akatoka kuangalia. Akarudi: "Mfuniko wenyewe haupo."

Sasa unamjua baba. Hamwamini mtu wa pampu, mfuniko lazima aushike mwenyewe. Mama akaliendea koti la baba pale kitini, akatia mkono mfukoni, akautoa.

Sote tukamgeukia baba.

Fundi hewani: "Haloo? Mmeuona?"

Baba akakohoa. "Nilikuwa nauhifadhi."

NAUHIFADHI 😂😂

Fundi akasema tuukaze, taa itazima yenyewe baada ya siku mbili tatu. Baba akaninyooshea ufunguo huku anaangalia ukuta. Nikasema "asante baba" kwa adabu zote, nikatoka, nikafunga mlango haraka kabla kicheko hakijanitoka.