Maji Katika Shimo la Pili

Jumapili, 8 Machi 1953
Nimefua, nguo hazikauki. Mvua tangu Ijumaa. Mume wangu, Baba Shija, kashinda mtoni kwenye pampu ya kuoshea mawe ya dhahabu, mpira umepasuka tena. Mdogo wangu Masanja kala kwetu mchana. Kanitania kwamba nimenenepa. Kesho ana zamu ya alfajiri, shimo la pili.

Jumatatu, 9 Machi
Kijito kimevunja kingo. Maji yameingia shimo la pili. Wote wametoka isipokuwa wawili. Masanja hajatoka.

Meneja alitaka pampu ya mtoni ihamishiwe shimoni. Baba Shija akakataa. Anasema ile inamwaga maji mengi lakini haina nguvu ya kuyapandisha, na shimo ni refu. Anataka pampu ya pistoni ya machimbo ya jirani. Ndogo, ila inasukuma. Lori limekwenda kuichukua.

Nilimfuata pale shimoni. Nikamwambia mbele ya watu, "Angekuwa ndugu yako ungeiwasha hiyo iliyopo."

Namchukia leo.

Jumanne, 10 Machi
Lori limekwama matopeni. Barabara yote ni tope.

Nimemwomba tena. Nimepiga magoti. Kanitazama muda mrefu, kisha kawaita watu, wakaileta ile pampu ya mtoni, wakaishusha kwa kamba mpaka karibu na maji. Ikanguruma, ardhi ikatetemeka. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Hewa tu. Tukangoja. Hewa tu.

Baba Shija akasema, "Mama Shija, yamepanda yameishia katikati. Hayawezi zaidi ya hapo."

Alijua tangu mwanzo. Aliiwasha kwa ajili yangu.

Jumatano, 11 Machi
Pampu ya pistoni imefika, imebebwa na watu mabegani kutoka lori lilipokwama. Nilitegemea dude kubwa. Inatoa maji kidogo kidogo, kwa kushtuka, kama mtu anayetapika. Lakini yanafika juu.

Mayu, mama yetu, amefika kutoka Tinde. Kanga zake zimelowa. Amekaa chini karibu na bomba na hataki kuondoka.

Alhamisi, 12 Machi
Maji yanashuka. Polepole mno. Baba Shija hali, haondoki. Wa zamu wakitaka kumpokea anawafukuza.

Ijumaa, 13 Machi
Wamempata. Mwenzake pia.

Dresa, mtu wa dawa wa kambi, amesema maji yaliwakuta ghafla, walikufa asubuhi ileile ya Jumatatu. Kwa hiyo hakuna pampu ambayo ingewaokoa. Hata ingekuwepo pale pale, tayari inalia. Watu wananiambia hivyo kama faraja. Si faraja. Nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, sasa sina.

Jumamosi, 14 Machi
Tumemzika Masanja. Kaburi lilikuwa linajaa maji, wakayachota kwa ndoo kabla ya kumshusha.

Baada ya watu kutawanyika Mayu akamgeukia mume wangu. "Baba Shija, nasikia pampu ilikuwepo. Kwa nini ulingoja nyingine?"

Nikajibu mimi. Nilimweleza Mayu kwa Kisukuma, taratibu: moja ina maji mengi na haina msukumo, nyingine ina maji machache na inayafikisha juu. Kwa shimo refu unachagua msukumo. Nikamwambia mkwewe alichagua sawa. Nikamwambia niliyoyasema Jumatatu, na mbele ya nani.

Mayu akalia. Kisha akamshika mkono Baba Shija, akasema, "Pole, mwanangu."

Ndipo naye akalia.

Alhamisi, 19 Machi
Jua. Mayu ameondoka asubuhi na gari la pamba.

Baba Shija karudi mapema, kajilaza juu ya mkeka bila kuvua viatu. Nikamvua. Ameniuliza kama pampu bado inalia kule shimoni. Nimemwambia wameizima tangu Jumamosi. Akaniomba nimwambie tena.

Nimemwambia tena.