Niliwaandikia "Hakuna"

Mpendwa Mshauri,

Safu yako nimeisoma miaka mingi na sikutarajia kukuletea shida yangu, lakini naomba unisaidie kwa sababu nimewakosea wenzangu na hakuna ajuaye ila mimi. Nina miaka sabini na miwili, nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa kule Bonde la Ufa hadi mwaka wa 1992 tulipochomewa nyumba, na tangu hapo naishi hapa Kitengela, ambako familia kumi na moja tuliotoka kule tunakutana kila Jumapili baada ya ibada, na kwa kuwa barua zao za Kiingereza nazisoma mimi, mpaka leo, miaka kumi na miwili baadaye, wananiita Karani.

Mwezi uliopita kanisa lilituletea fomu, si za fidia, ni za kitabu cha kumbukumbu ambacho watoto wetu watasoma wajue tulichopoteza. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba, mifugo na mashamba, tukajaza vizuri. Sehemu ya pili iliuliza hasara zilizo "intangible". Nikawaambia maana yake ni kisichoshikika, na kisichoshikika hakipo, kwa hivyo tuandike "hakuna".

Mjane mmoja, nitamwita Ndunge, akaniuliza, "Karani, na ule mwethya wetu? Si tulikuwa tunapalilia pamoja na majirani, leo kwako, kesho kwangu?"

"Mwethya si mali, Ndunge," nikamjibu. "Hauna mabati."

Mzee Mwololo akamtania, "Huyu ataandikisha hata vicheko." Watu wakacheka.

Ndunge akasema polepole, "Kwani hivyo si vilibaki huko?"

Nikachukua kalamu nikamwandikia "hakuna" kama wengine, na tangu siku hiyo barua zake haniletei tena. Nyumbani nilifungua kamusi nikaona nilivyopotosha. Fomu ninazo mimi, zinachukuliwa mwisho wa mwezi ujao. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nikisema, nitabaki karani wa nani?

Karani, Kitengela

*

Mzee wangu Karani,

Pole kwa yaliyokupata, na pole pia kwa haya nitakayokwambia.

Neno ulilitafsiri sawasawa. "Intangible" ni kisichoshikika kwa mkono. Kosa ulilifanya hatua ya pili, uliposema basi hakipo. Hapo Kajiado mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa umsalimu, mkono wako unagusa nywele tu. Heshima yenyewe hukuishika, lakini akikupita bila salamu unajua mara moja kwamba imekosekana. Neno hilo hutumika kwa kitu cha namna hiyo, kilichopo na chenye uzito ambao mizani haiwezi kuupima. Kaburi la mzazi wako linashikika, ni udongo na mawe. Kuweza kulitembelea siku yoyote utakayo, hiyo ndiyo sehemu ya pili ya fomu.

Sasa sikiliza. Mtu aandikaye kama wewe hakusubiri kamusi imfundishe jambo hili. Umenieleza fomu ya Ndunge na fomu za wengine, lakini yako hukuitaja hata kwa neno moja. Nadhani uliifunga sehemu ile kwa watu wote ili na wewe usiijaze. Naelewa. Ng'ombe waliokufa ni rahisi kuandika. Lakini huna ruhusa ya kunyamazisha watu kumi kwa sababu wewe unaogopa kusema.

Unauliza utabaki karani wa nani. Karani anayerekebisha kosa lake huaminiwa kuliko asiyekosea kamwe, maana huyo wa pili watu hushuku anaficha.

Kwanza jaza fomu yako, peke yako, bila haraka. Kisha Jumapili simama mbele ya wote, kwa kuwa kosa ulilifanya mbele ya wote, useme, "Nilikosea," na usilaumu Kiingereza. Kila "hakuna" ikate kwa mstari mmoja, usiichane, watoto waone mlisahau mkakumbuka. Mwololo muulize mara mbili. Anayetania hasara za wenzake mara nyingi ana zake nyingi.

Lakini wa kwanza awe Ndunge. Mwombe msamaha, umpe kiti karibu nawe, uandike mwethya. Kisha uandike vicheko, na umwulize vilikuwa vya kina nani.