Karafuu za Mama Yako

Vitongoji, Pemba

Mwanangu Nadhira,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na mumeo na wajukuu zangu. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Jua limetupa nafasi ya kuanika karafuu, na mama yako anakula vizuri.

Uliniambia kwa simu kwamba Ijumaa unakuja kumchukua mama yako akaishi kwako Unguja, kwa kuwa mkono wake wa kulia hauponi na pengine Bi Safaa hajui kazi. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakata tiketi ya boti. Kwa simu nisingeweza kusema. Mama yako huwa karibu, na masikio yake hayakupata kiharusi.

Kwanza nikufahamishe kazi ya Bi Safaa, maana hata mimi nilimdhania vibaya. Yeye hatoi dawa, huurudisha mkono katika shughuli za nyumbani. Kiharusi hakikuuharibu mkono wenyewe. Kimeziba njia ya amri kutoka kichwani, na njia hiyo hufunguka kwa kupitwa mara kwa mara. Ndiyo maana aliufunga mkono wa kushoto, ulio mzima, kwa mfuko wa kitambaa, ili ule mgonjwa usipate msaidizi. Kisha akampa mama yako karafuu mbichi azichambue, karafuu bakulini, makonyo, vile vijiti vyake, pembeni.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Kila nikirudi msikitini alasiri nakuta bakuli limejaa. Lakini Bi Safaa akija, mkono ule ule haushiki hata karafuu moja. Inaanguka, na mama yako anashusha pumzi. Kula ndiyo usiseme. Mkono wa kushoto haupelekwi kinywani, kwa hiyo tangu augue namlisha mimi, tonge kwa tonge, tumekaa jikoni kwa sahani moja.

Juzi Bi Safaa aliniita kando, akaninong'oneza kuwa misuli ile si ya mkono uliolala, na kwamba humu ndani kuna mtu anamficha jambo. Nikamshuku mama yako mdogo, Bimkubwa, ambaye huja kila alasiri. Nikasema ndiye anayechambua, anamdhulumu dada yake mkono. Nilipompa kikombe cha chai nikainama ninuse vidole vyake. Vilinuka samaki tu.

Jana baada ya sala sikukaa barazani. Nilizunguka nyuma nikasimama kwenye ua wa makuti, nikichungulia nyumba yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku. Mfuko ulikuwa mkono wa kushoto, umefungwa barabara, na mkono wa kulia ukichambua karafuu mbio mbio kama zamani! Bimkubwa akimcheka, akimwambia dada Widad ana dhambi, na Maalim, yaani mimi, akijua patakuwa hapatoshi. Mama yako akamwambia anyamaze. Tangu aolewe, alisema, Maalim alikula ukumbini na wageni wake, yeye akala na masufuria. Leo mtu huyo huyo anamtolea miba ya samaki na kumhadithia habari za barazani. Mkono ukipona atarudi zake ukumbini. Bimkubwa akamuuliza, na Nadhira akija kukuchukua je? Mkono ukasimama juu ya bakuli. Akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Niliondoka taratibu, nikaja kwa mlango wa mbele nikikohoa kwa nguvu. Nilipoingia, mkono ulikuwa umelala mapajani. Nikamlisha kama kawaida.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu: hata mimi sitaki kurudi ukumbini.

Kwa hiyo Ijumaa njoo ututembelee, usije kumchukua. Bi Safaa nimemweleza. Amecheka, akasema mkono unaofanya kazi kwa siri nao unafanya kazi. Lakini usimwambie mama yako kuwa najua. Siku atakayochoka kulishwa ataupeleka mkono sahanini mwenyewe, na atanikuta nimekaa pale pale.

Wabusu wajukuu zangu, na mumeo mpe salamu nyingi. Mama yako anakusalimu sana. Nimeikunja karatasi nikamuuliza kama angependa kukuandikia neno hapa chini kwa mkono wake. Amesema mkono bado.

Nimemwambia hapana haraka.

Baba yako akupendaye,
Zahran