Taa ya Kidogo mu Turnevisi ya Tata

Siku ya kazi moya, 3 novemba 1975

Mvula tangu asubui. Bitambaa bya mutoto yangu Kapinga habikauke. Makala ya kuwasha jiko ya mbabula imelowa, njo maana nimepika bukari, ugali ya midi, ku resho, jiko ya kuran, ya umeme. Nikashika sufuria na mukono ya mayi. Kuran ikanikula mpaka ku kiwiko. Mwiko ikaanguka.

Ni mara ya tatu. Sikuambia mutu. Nilivaa sapato ya mupira ya Kazadi, bwana yangu, kuran isipite, nikamaliza kupika.

Kapinga anashika benchi na anasimama. Ana miezi kumi na moya. Bado haachie.

Siku ya kazi mbili, 4 novemba

Leo nimeambia Kazadi. Alitoka kazi saa kumi, hakukula, akakata kuran ya nyumba, akafungua resho. Waya yenye kuran haikukazwa muzuri, nyuzi mbili zilitoka inje ya skurubu, zinagusa chuma. Na waya ya kupeleka kuran mu udongo haikufungwa fasi yoyote. Ilikunjwa tu, ikafunikwa na skochi nyeusi ya kubandika.

Kiisha akaangalia ku mukuta, fasi ya fizibule. Pale panaombwa kawaya kembamba sawa nywele, kaungue wakati kuran inapita kipimo, nyumba isiungue. Alikuta kipande kinene ya shaba, sawa kidole ya mutoto. Hiyo haiwezi kuungua hata siku moya. Huku Musonoi batu bengi banafanya vile, shaba tunakanyaga chini. Lakini fundi hafanye vile.

Kazadi alitengeneza yote. Hakusema ni nani. Mi nayua. Ni Tata.

Tata, baba yangu, alifanya kuran ku mine ya shaba miaka makumi mbili. Njo yeye alifundisha Kazadi kazi, njo namna Kazadi alikuya ku kiwanja yetu, akaniona. Nyumba hii Tata aliingizia kuran na mikono yake, zawadi ya ndoa. Resho aliitengeneza mwezi ya tisa. Alipima chuma mbele yangu na turnevisi yake ya kuzungusha skurubu, ile yenye taa ya kidogo, kataa, mu mushikio. Kuran ikiwa, kataa kanawaka. Alisema: Haina kitu, mwanangu, pika.

Sisikie hasira. Sisikie kitu.

Siku ya kazi ine, 6 novemba

Ya Mbuyu, jirani ya mulango ya pili, ameshikwa. Alikuwa anafungua dirisha ya chuma, pale Tata alimuwekea taa ya inje. Mukono ikakatala kuachia. Bwana yake akamupiga na ubao, akaanguka. Mukono inalala mpaka sasa, hawezi kukamata hata kijiko.

Nilienda kumuona. Alikuwa analala ku mukeka, bamama babili banamukanda mukono na mafuta ya mawese. Aliponiona akacheka.

"Kuran ya tata yako haijue bukwe, haya ya mukwe, mama Kapinga. Inashika mutu mukono na inakatala kumuachia."

Bamama bakacheka. Na mi nikacheka. Nilirudia ku nyumba, nikakala, nikanyonyesha mutoto. Machozi haikutoka. Nilingojea itoke.

Siku ya posho, 8 novemba

Nimeuliza Kazadi kwa nini haseme na Tata. Kiisha akasema yote mara moya.

Miezi mbili anapita nyuma ya Tata. Tata akitengeneza nyumba ya mutu, kesho yake, Tata akiisha kuondoka, Kazadi anaenda, anafungua, anafunga upya. Anaambia batu ametumwa na muzee kukaza skurubu. Nyumba saba. Kwa Ya Mbuyu hakufika, kazi ilimushika. Na resho yetu hakuyua kama Tata aliigusa.

Nikamuambia: fungua kinywa. Hapana. Kwetu batu ba Kasai, mukwe hasahihishe tata ya bibi yake. Habakule ku meza moya, habaangaliane mu macho. Na huyu tena njo mwalimu yake. Atamuambia nini? Muzee, kazi yako inaua batu?

Mi niko mutoto yake, nikasema. Hatuna bukwe, mi naye.

Kazadi akasema: "Njo vile. Ni we."

Nilimukasirikia sana. Hanihurumie.

Siku ya kazi mbili, 11 novemba

Tata alikuya kula midi, saa sita, sawa kila siku tangu mama alikufa. Sombe, majani ya muhogo, na ndakala. Alikuwa na furaha. Parokia bamemuomba aweke kuran mu sale, nyumba kubwa ya mikutano, taa ine ku nguzo za chuma, juu ya sikukuu ya yenga, siku ya Mungu. Batoto bataimba. Bamama ba korali tutaimba nyuma yabo, mi pia, na Kapinga ku mugongo.

Nilifungua kinywa. Alikuwa anatafuta ndakala mu sahani na vidole. Kidole kinapita pembeni ya samaki, kinarudi, kinaikuta. Nikafunga kinywa.

Sale ile, paa ni manjanja, mabati matupu, na mvula ikinyesha mayi inateremuka ku nguzo. Kazadi eko kazi ya mangaribi juma yote, ataachia ku posho. Na sale itaisha ku kazi ine. Tangu siku ile mpaka ku posho batoto bote ba katekismu batacheza pale.

Mi niko muoga. Njo yote.

Siku ya kazi tatu, 12 novemba

Mvula. Nilifua. Nilipiga pasi. Ya Mbuyu ameweza kukamata kijiko.

Sikuenda kusema na Tata.

Siku ya kazi ine, 13 novemba

Nilimupelekea Tata chakula ku sale. Eko peke yake, anashuka ku ngazi. Amemaliza. Taa zote ine zinawaka, muzuri kabisa. Nilimuweka Kapinga chini juu nifungue sahani. Ku mine bakapiga baruti ya midi, manjanja ikalia. Tata akangojea itulie, akatoa turnevisi mu mufuko ya shati, akaweka ncha ku nguzo ya kwanza, kidole ku kichwa ya mushikio.

"Tazama. Haina kitu."

Sale ilikuwa giza kidogo, mawingu inje. Kataa kalikuwa kanawaka. Kadogo, rangi ya chungwa, sawa mbegu ya muhindi. Kanawaka kabisa mu mukono yake.

Kapinga alikuwa anapita na benchi, mukono moya, mukono moya, anaenda ku nguzo ile. Nilirukia. Nilimubeba. Alilia juu nilimuumiza mukono.

"Tata, inawaka."

Akasema hapana, ni jua.

"Hakuna jua, Tata. Inawaka. Niko naiona."

Hakutoa turnevisi. Alipeleka jicho karibu na kataa, karibu sana, mpaka nikaogopa.

"Rangi gani?"

"Chungwa."

Akakala ku benchi. Mi nikasimama na mutoto. Kiisha Tata akasimama, akaenda kukata kuran, mukono ku mukuta mpaka akakuta sanduku. Taa zikazima zote. Akasema tangu kipwa, wakati ya bila mvula, hakaone kataa kale. Ya kwanza alifikiri turnevisi imekufa, akanunua ingine. Nayo ikakuwa vile vile. Kisha akaanza kusema haina kitu, juu mara mingi ni kweli haina kitu. Na kawaya ka fizibule, vidole havikasikie tena mu skurubu. Kinene anakisikia.

Alisema bila kunung'unika, sawa mutu anaeleza kazi.

Kisha: "Usiambie Kazadi."

"Anayua, Tata. Anapita nyuma yako tangu miezi mbili."

"Na akanyamaza."

"Ni mukwe."

Akacheka kidogo. Akasema: "Nilimufundisha muzuri, basi." Akakula chakula yote. Mi nilifunga mulango ya sale, ufunguo niko nayo hapa.

Nilifikiri nitasikia vizuri kiisha kusema. Nasikia sawa mukono ya Ya Mbuyu.

Siku ya posho, 15 novemba

Salongo asubui, kazi ya lazima ya batu bote, kulima majani ku barabara. Kiisha tulienda ku sale, bote.

Kazadi ku ngazi. Tata ku benchi, mugongo yake ku ngazi, juu habaangaliane. Mi katikati na Kapinga. Tata anasema na mi: muambie avute waya ya udongo mpaka inje, mita moya na nusu chini, asiogope kuchimba. Mi nasema: Kazadi, Tata anasema uchimbe. Kazadi amesikia tangu zamani, lakini anangojea mi niseme. Anajibu: muambie Tata, ndiyo. Mi nasema: Tata, anasema ndiyo. Saa ine nzima. Koo imekauka.

Ku nguzo ya pili waya ilipondwa na chuma, ngozi ilipasuka, shaba inje. Mikono ya Kazadi ikasimama. Tata akauliza: amekuta nini? Mi nikasema. Tata akasema: muambie akate yote, asifunge juu yake. Na nyumba zile saba muambie asante.

Kazadi aliacha kuzungusha skurubu. Kisha akaendelea.

Fizibule Kazadi aliweka yeye mwenyewe. Kembamba sawa nywele.

Siku ya Mungu, 16 novemba

Mvula ilinyesha wakati ya wimbo ya pili, kwa nguvu, mayi ikateremuka ku nguzo. Batoto babili bakaegemea pale. Mi nilikuwa nimekwisha kushika nguzo zote ine mbele batu baingie, na mukono ya mayi. Baridi tu.

Tata alikala mbele. Padiri alimushukuru mbele ya batu. Tata akasimama, akasema: "Hii kazi ni ya mukwe yangu." Kazadi akaangalia chini.

Kiisha kuimba nilimushusha Kapinga. Aliachia benchi. Hatua tatu, ine, mpaka ku goti ya Tata. Tata hakumuona anakuya. Alishituka, akamushika kichwa na mikono mbili, akauliza ni nani huyu anatembea.

Siku ya kazi moya, 17 novemba

Jua. Bitambaa bimekauka.

Tata alikuya kula. Kiisha akaacha turnevisi yake ku meza, ile ya zamani, akaenda bila kusema. Nimeiweka juu ya kabati, fasi Kapinga hafike.

Kesho kutwa tunaenda naye ku lopitali, juu ya macho. Banasema mara ingine inawezekana. Mi naamini.

Nimepika bukari ku resho. Nilisahau sapato. Miguu tupu, mikono ya mayi, mpaka mwisho. Hakuna kitu ilinikula.